Matangazo Tisa ya Maji

Bibi huyu mtaani walimwita Mwandishi, na wengi walimwita hivyo kwa utani, maana hawajapata kuona mwandishi mwenye udongo kwenye kucha. Shule aliiacha darasa la nne, mwaka ambao mama yake alijifungua mapacha, na mtu wa kuwabeba akawa hayupo ila yeye. Shule aliiacha, lakini kusoma hakukuacha. Alisoma kwa kidole, mstari kwa mstari, midomo ikicheza, na kitabu kimoja aliweza kukaa nacho kiangazi kizima, kama mgeni aliyekuja na sanduku.

Mwaka aliugawa mwenyewe. Kiangazi, udongo ukiwa mgumu kama kisigino, alisoma vitabu vya kuazima maktaba. Masika alipanda. Kipupwe alipalilia na kukausha mbegu. Vuli alipanda tena. Na kila msimu ukifika ukingoni aliketi mezani akaandika ukurasa mmoja wa gazeti: nusu bustani, robo vitabu, robo mambo yanayotokea duniani na hapa mlangoni. Kazi hiyo aliipata kwa hasira. Miaka kumi na mmoja nyuma gazeti lilieleza namna ya kupanda vitunguu, likasema vifukiwe mpaka shingoni. Bibi akaandika barua ya kurasa mbili kusema kwamba aliyeandika yale hajapanda kitu maishani mwake ila kitanda. Mhariri wa wakati ule, mzee mmoja mcheshi, aliichapa barua yote, nukta kwa nukta, kisha akatuma ujumbe: "Mama, tuletee nyingine." Akapeleka nyingine, na nyingine, zikapita arobaini na kitu.

Sasa yule mzee alikuwa amestaafu, na kiti chake kimekaliwa na binti wa rika la mjukuu wa Bibi. Binti hakuwa mbaya. Alikuwa na haraka tu, kama mtu aliyeacha sufuria motoni. Kipupwe kilichopita Bibi alichelewa siku mbili kuleta ukurasa. Vuli akachelewa siku nne. Binti akapiga simu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu."

"Bibi yangu, safari hii naomba tuelewane. Alhamisi, saa sita mchana. Ikipita saa sita, ukurasa nampa mtu mwingine. Kuna kaka mmoja anaandika habari za simu."

"Habari za simu? Simu ina habari gani?"

"Simu mpya, bibi. Zikitoka."

"Na zisipotoka?"

"Zinatoka kila wiki, bibi."

Bibi alikata simu akakaa na neno hilo kooni kama mwiba wa samaki. Miaka kumi na mmoja! Ukurasa ule ndio ulikuwa kitu chake. Watoto walikuwa wa wote wawili, yeye na mumewe, nyumba ya wote wawili, hata kuku walikuwa wa wote wawili na jirani. Ukurasa ulikuwa wake peke yake.

Na kilichomchelewesha si uvivu, jamani. Kilichomchelewesha ni maji.

Tangu mwanzo wa vuli bomba la mtaa lilikuwa likitoa upepo tu. Ofisi ya maji ikatangaza redioni kwamba maji yatarudi wiki ijayo. Bibi, aliyekuwa ametia mbegu za nyanya kitaluni, akaandika aya yake nzuri ya kukumbusha wakubwa kwamba mbegu haijui wiki ijayo. Kabla hajaipeleka, likaja tangazo jingine: pampu imeharibika. Aya ikawa haina maana. Akaichana, akaandika upya kuhusu pampu. Wakatangaza kifaa kimefika. Akachana. Wakatangaza kifaa kilichofika si chenyewe. Akaandika kwa ukali, wakatangaza kuomba radhi, ukali ukawa kama kumpiga mtu aliyepiga magoti. Akaandika kwa upole, wakatangaza kwamba wananchi wenyewe ndio wanaotoboa mabomba, upole ukawa ujinga. Kila akiweka nukta, ofisi ya maji inafungua mdomo.

Aliyemletea matangazo hayo ni mumewe, Mzee, maana redio ilikuwa ya Mzee. Alikuwa fundi cherehani miaka thelathini na minane, mpaka macho na mgongo vikakubaliana kumstaafisha. Sasa alikaa barazani kutwa, redio imeegemea sikio, na likitoka jambo hupaza sauti kama mwenye duka anayeitia wateja.

"Mama! Wametangaza!"

"Sitaki kusikia."

"Kamati imeundwa!"

"Nimesema sitaki kusikia. Ya nini kamati?"

"Si unaona unataka."

Bibi alirudi ndani akachana tena.

Ikafika Jumatano, siku moja kabla ya siku. Mvua za kwanza za masika zilikuwa zimeshadondoka mara mbili tatu, za kulowesha vumbi tu. Tangazo la tisa lilitoka Jumanne. Bibi alikesha nalo moyoni, akaamka nalo, na Jumatano saa nne asubuhi akamaliza ukurasa wake: karatasi tisa, zimehesabiwa kwa namba ndani ya kiduara. Aliandika kwa penseli, kama alivyofundishwa darasa la kwanza, na aliandika nyuma ya karatasi zilizokwisha tumika, alizoletewa na mjukuu wake kutoka ofisini. Upande mmoja una chapa na mihuri, upande wa pili mweupe. Bibi hakuona sababu ya kuacha upande mzima wa karatasi ukae bure.

Aliziweka mezani, akazigandamiza kwa kamusi, akajinyoosha mgongo. Halafu, kwa kuwa uchovu hutafuta wa kumshukia, akatoka barazani akamshukia Mzee.

"Kutwa umekaa na redio kama umeioa. Miche imejaa kitaluni, inasongana. Hata vikopo vya karatasi huwezi kunikunjia?"

"Si hujaniambia."

"Nimeanza kukuambia tangu kiangazi."

Bibi akachukua madumu mawili na kitabu cha maktaba, akaenda zake: kitabu kurudisha, madumu kupanga foleni kwenye kisima cha upande wa pili wa mtaa. Foleni ilimla mchana mzima. Aliporudi jua lilikuwa limelala, mabega yanamuuma, na akaona kwa mbali, chini ya ukingo wa paa, vikopo vimepangwa mstari mmoja ulionyooka kama mshono. Kila kikopo kina udongo, kila kikopo kina mche wa nyanya, umekwisha mwagiliwa. Moyo ukamlainika. Akajisemea, kumbe ukisema sana husikika. Hakuinama kutazama. Alikunywa maji, akalala.

Alhamisi saa moja asubuhi alinyanyua kamusi. Chini ya kamusi palikuwa na meza.

"Mzee! Karatasi zangu ziko wapi?"

"Karatasi zipi?" Mzee alikuwa barazani, anatafuta kituo.

"Zilizokuwa hapa mezani. Chini ya kamusi."

"Zile za ofisini? Zenye mihuri ya kazini kwa mjukuu?"

"Nyuma yake, Mzee. Nyuma yake kulikuwa na nini?"

Redio ikazimwa. Mzee akasema kwa sauti ya fundi aliyegundua kwamba kitambaa cha mteja kimekwisha katwa:

"Sikugeuza."

Bibi alitoka mbio, kanga moja imeanguka njiani. Akachuchumaa mbele ya vile vikopo. Kweli, mwandiko wake ulikuwa pale, kwa nje, umezunguka udongo: *majani ya chini uyatoe mapema*, maneno yakaishia kwenye kona, na kwenye kikopo cha pili, *mbuzi kumi na mwanamke mmoja*. Mzee alikuwa amezikata zile karatasi nusu kwa nusu, kwa mkasi wake wa kazi, akapima kwa futi, akakunja, akabandika kwa gundi ya unga. Vikopo kumi na vinane, hakuna kilichopishana na mwenzake hata unywele; penseli hafifu tu ndiyo macho yake hayakuiona kwa karibu.

"Ndani kuna magazeti ya mwaka mzima!" Bibi alisema. "Rundo linagusa dirisha! Magazeti umeyaona, ukaacha, ukachukua karatasi zangu?"

"Magazeti ulinikataza. Ulisema yamepangwa kwa tarehe, atakayegusa atajua kwa nini kuku hana meno."

Ni kweli alisema.

"Na gazeti," Mzee aliendelea, kwa kuwa fundi hata akikosa hutetea kitambaa, "gazeti likiloa ni kama shashi. Zile karatasi ni kama jinzi. Nikasema, mke wangu kwa mara ya kwanza kaniomba kitu cha kushona, nimpe kilicho bora."

Ukimtukana mtu wa namna hiyo unajitukana. Lakini hasira ya Bibi haikuwa na pa kwenda, ikabaki inamzunguka kifuani kama nyuki ndani ya chupa. Saa moja na robo. Kutoka nyumbani mpaka ofisi ya gazeti ni mwendo wa saa nzima kwa miguu yake.

"Nitafumua," Mzee alisema.

"Utafumua nini?"

"Nimefumua magauni ya maharusi asubuhi ya harusi. Vikopo vitanishinda? Lete karai."

Basi wakaanza. Mzee alilowesha mshono wa kila kikopo kwa kidole, akasubiri gundi ilegee, akaivua karatasi kama mtu anayemvua mtoto nguo bila kumwamsha. Mche na udongo wake vikaenda kwenye karai. Karatasi akaibandika kwenye ukuta wa baraza, akarudi nyuma hatua mbili, maana macho yake sasa huona cha mbali tu, akaisoma kwa sauti. Bibi akanakili mezani. Penseli, Mungu aibariki, haichuji.

"'Kiangazi hiki nimesoma kitabu cha mwanamke aliyevuka jangwa na mbuzi kumi,'" Mzee alisoma. "'Aliyekiandika hajui mbuzi hata kidogo, lakini upweke anaujua.' Hii nzuri, Mama."

"Usisifie. Soma."

"'Mume wangu ana wake wawili, mimi na redio. Mimi ndiye mkubwa, kwa hiyo mnajua anayependwa ni nani.'" Akaisoma tena kwa macho. "Hii inatoka gazetini?"

"Soma, Mzee. Saa tatu hii."

"Nauliza tu. Wenzangu wa barazani wanasoma gazeti hili."

"Kama wanasoma, basi mbona hawajawahi kuniambia lolote kwa miaka kumi na mmoja? Soma!"

Mzee akasoma. Karatasi ya kwanza mpaka ya tano zikaja, hapa neno limekatwa na mkasi, pale pametoboka, lakini zikaja. Bustani yote na vitabu vyote. Ilipofika ya sita mambo yakabadilika. Vikopo vya mwisho vilikuwa vimepangwa pale ambapo paa hudondosha, na kumbe usiku mvua ilipita. Mzee akagusa mshono wa kwanza, kikopo kizima kikaja na kidole. Akagusa cha pili, vilevile. Karatasi imekuwa uji. Alijaribu kwa kisu, akajaribu kwa sindano, akajaribu kwa kupuliza. Mche ukabaki mtupu mkononi mwake, na mizizi imevaa vipande viwili vya herufi.

"Karatasi ya sita mpaka ya tisa," Bibi alisema polepole, "ndiyo maji."

"Andika upya."

"Nimeandika upya mara tisa! Mara tisa, Mzee! Kila nikiandika unaniita, 'Mama, wametangaza!' Mara ya tisa nimeipata, imekaa sawasawa, nikasema sasa hata watangaze nini sitachana. Hawakutangaza. Ukaja wewe na mkasi."

Mzee aliangalia mikono yake. Saa ya ukutani ilisema saa tano kasoro dakika kumi.

"Nikusindikize?" aliuliza.

"Ubaki na mke mdogo," Bibi alisema, akafunga kanga, akatia karatasi tano kwenye mfuko wa plastiki, akatoka.

Njiani alipita mbele ya genge la Mama Duka, ambaye hakuna mpita njia aliyepita kwake bure.

"Mwandishi! Mbio hizo, maji yametoka?"

"Hayajatoka!"

"Basi punguza mwendo, usije ukatoka jasho na pa kuogea hakuna."

Wakacheka waliokuwa pale. Bibi naye siku nyingine angecheka. Leo alikuwa anatembea na yale maneno yaliyogeuka uji, anajaribu kuyakamata, nayo yanateleza. Alikumbuka mwanzo wa aya, akasahau mwisho. Alikumbuka mwisho, kumbe ni wa aya aliyoichana zamani, wakati wa pampu. Zote tisa zilikuwa zimo kichwani, zimechanganyika kama nyuzi kwenye droo ya cherehani.

Ofisi ya gazeti ilikuwa ghorofa ya pili, chumba kirefu chenye meza zilizogusana na feni moja inayozunguka kwa malalamiko. Saa ilisema saa sita kasoro dakika ishirini na mbili. Binti mhariri aliinuka kumpokea, akampa kiti, akapokea karatasi kwa mikono miwili. Alizisoma kwa kasi, kidole kinaruka, kama mtu anayechagua mchele.

"Bibi, umewahi. Nimefurahi. Na hapa pa wake wawili," akacheka, "hapa wasomaji watapenda. Sasa, naona ya tano, halafu sioni ya sita."

"Imeharibika."

"Ilikuwa ya nini?"

"Maji."

"Maji ya bomba?" Binti alishusha pumzi. "Aa, basi, bibi, afadhali. Mvua si zimeanza? Hayo yameshapitwa na wakati. Hapa palipobaki nitaweka picha ya maua, itapendeza sana."

Akageuka kumwita mpangaji wa kurasa, kijana mwenye miwani aliyekaa dirishani. Mambo yalikuwa yamekwisha. Bibi alichotakiwa kusema ni "haya, mwanangu", na ukurasa ungekuwa wake mpaka kipupwe, na yule wa simu angesubiri. Aliliona neno lenyewe liko hapo mdomoni. Haya. Herufi nne tu.

"Nyumbani kwako," Bibi alisema, "bomba linatoa?"

Binti alisita. "Sisi tuna tangi, bibi."

"Sikuuliza tangi."

"Halitoi."

"Tangu lini?"

"Tangu... mwanzo wa vuli."

"Basi yamepitwaje na wakati na bado hayajafika?"

Mpangaji wa kurasa akainua uso. Binti alitazama saa, akamtazama Bibi, akatazama zile karatasi tano zenye alama za udongo.

"Bibi, mimi sikatai. Lakini huna ya sita, na mimi nina dakika ishirini."

"Unajua kupiga chapa?"

"Najua."

"Kaa."

Binti akakaa. Nadhani alikaa kwa mazoea tu, kama sisi sote tulivyozoea kukaa tukiambiwa na bibi zetu. Bibi hakukaa. Alisimama nyuma ya kiti, mikono ameshika mgongo wa kiti. Alikuwa bado hajui atasema nini. Aya ya tisa, ile nzuri, haikurudi. Zilirudi zote kwa pamoja, pampu na kamati na radhi, na hakuweza kuzipanga kwa tarehe kwa sababu tarehe hakuzishika kamwe. Alichoshika ni nyanya.

"Andika," alisema. "Tangazo la kwanza: maji yatarudi wiki ijayo. Siku hiyo nilikuwa natia mbegu za nyanya kitaluni. Nukta. Tangazo la pili: pampu imeharibika, kifaa kimeagizwa. Mche ulikuwa na majani mawili. Tangazo la tatu: kifaa kimefika. Nikahamishia miche tutani, nikaiambia, vumilieni. Tangazo la nne: kifaa kilichofika si chenyewe. Maua ya kwanza."

Vidole vya binti vilikuwa vinakwenda. Bibi alisubiri vimfikie.

"Tangazo la tano: wananchi wanaombwa kuwa wavumilivu. Nusu ya maua yakapukutika. Tangazo la sita: wananchi ndio wanaotoboa mabomba. Matunda yalikuwa kama gololi, nikayamwagilia maji niliyooshea vyombo."

Mpangaji wa kurasa alicheka kidogo, akaacha.

"Tangazo la saba: wanaomba radhi. Majani yalijikunja kama ngumi. Tangazo la nane: kamati imeundwa. Mashina yakakauka, nikayafunga mafungu. Tangazo la tisa, Jumanne iliyopita: mvua zimekaribia, kwa hiyo tatizo litakwisha lenyewe. Yale mashina nimeyachemshia chai."

Feni ikazunguka.

"Endelea, bibi."

"Nimemaliza."

"Hutaki kusema wafanye nini?"

"Wanajua."

Binti alisoma kwenye kioo cha kompyuta, kutoka juu mpaka chini, safari hii bila kidole kuruka. Kisha akamwambia mpangaji wa kurasa atoe picha ya maua. Saa ilikuwa saa sita kasoro dakika nne. Bibi aliketi hatimaye, na kwa muda wa pumzi kama tatu hivi akajisikia vizuri.

"Bibi," binti alisema, akivuta kiti karibu, "hiki ndicho kitu nilichokuwa nakitafuta. Hiki! Sasa sikiliza. Tufanye kila wiki."

"Nini kila wiki?"

"Wewe. Kila Alhamisi. Ofisi ya maji ikitangaza, unajibu. Soko likipanda bei, unajibu. Mafupi tu, makali hivi hivi."

"Mimi ni mtu wa msimu, mwanangu."

"Najua. Lakini, bibi, nikuambie ukweli kwa sababu nakuheshimu. Ukurasa wa msimu wakubwa wangu hawautaki. Nimeutetea kipupwe, nimeutetea vuli. Huu wa leo utatoka. Ujao sijui. Ila wa kila wiki, huo nakuhakikishia."

Bibi alitazama ukutani. Wale nyuki wa asubuhi walirudi.

"Hayo uliyoyapiga chapa sasa hivi," alisema, "unadhani yametoka wapi? Nimeyaandika moja moja, nikayachana moja moja, miezi minne. Kila moja peke yake lilikuwa takataka. Wiki ile ya pampu ningekuletea pampu, wiki ya kamati ningekuletea kamati. Ungekuwa na takataka tisa, na usingekuwa na hii."

"Lakini ungekuwa na ukurasa, bibi."

Ni kweli angekuwa na ukurasa. Bibi alikaa akalipima neno hilo, kwa uaminifu, kama mtu anavyopima kiatu ambacho anajua kinambana lakini ndicho kilichobaki dukani. Alijiona kila Jumatano mbele ya redio, anasubiri wafungue mdomo ili naye afungue wake. Kitabu cha kiangazi atakisoma lini? Mche atautazama lini?

"Hapana," alisema. "Nitaleta masika yakiisha."

"Bibi, fikiria kwanza."

"Nitaleta masika yakiisha. Ukikuta umeshampa wa simu, basi umempa."

Binti aliinamisha kichwa. Hakukasirika, na hilo ndilo lililomuudhi Bibi zaidi. Alimsindikiza mpaka ngazini, akamshika mkono vidaraja viwili vya kwanza, akakimbilia simu iliyokuwa inalia.

Nyumbani Mzee alikuwa hajawasha redio. Alikaa barazani na karai mbele yake, miche kumi na minane imesimamishwa kwenye udongo wa majimaji, mmoja mmoja, na kila mmoja ameuegemeza kwenye njiti ya kibiriti.

"Umewahi?"

"Nimewahi."

"Wamechukua?"

"Wamechukua. Na maji yamo."

"Si uliyasahau?"

"Nimeyakumbuka vibaya, yakawa mazuri."

"Sasa mbona uso umekunjamana?"

Bibi akamweleza, amesimama, bado na mfuko mkononi. Mzee alisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo si la kila siku.

"Kila wiki," alisema. "Si ungekubali tu? Mimi ningekuwa nakupa matangazo, wewe unaandika. Tungefanya kazi pamoja."

"Ndicho ninachokiogopa."

"Na kipupwe wakiukataa?"

"Watakuwa wameukataa."

"Nisingezikata zile karatasi..."

"Usingezikata ningepeleka ile aya ya tisa, angeweka picha ya maua. Usinitafutie sababu ya kukusamehe, Mzee, bado nimekukasirikia."

"Haya."

Akachuchumaa juu ya karai. Miche mitatu ilikuwa imelala na njiti zake, shina limekuwa la maji. Mingine miwili ilikuwa na rangi ya karatasi ya zamani.

"Hii mitano imekufa."

"Imelala tu," Mzee alisema. "Asubuhi itaamka."

"Mimi nimepanda miaka arobaini. Aliyelala namjua, na aliyekufa namjua."

Aliitoa mitano, akaitupa nyuma ya nyumba. Ilibaki kumi na mitatu. Ilikuwa bado midogo mno kwenda tutani, ilitakiwa ikae kwenye vikopo wiki mbili nyingine ipate nguvu. Lakini mizizi ilikuwa imeshavuliwa nguo mara moja, kuivalisha tena ni kuiua. Bibi akachukua jembe dogo, akaenda tutani, akachimba shimo la kwanza. Udongo ulikuwa haujalainika sawasawa. Akapanda mmoja, akagandamiza kwa vidole viwili, akasonya. Akapanda wa pili. Mvua ilianza kabla hajafika wa tatu, kubwa, ya masika yenyewe sasa. Mzee akaita kutoka barazani kwamba analowa. Bibi akamwambia anajua, akachimba shimo la tatu.